Kuchagua Kangaja kwa Tangi la Maji ya Chumvi Thika na Ruiru

Kangaja ni samaki wa familia ya Acanthuridae, yenye spishi zaidi ya 80 zinazoishi katika bahari za joto, nyingi zikiwa kwenye miamba ya matumbawe. Mwili wake ni bapa, mdomo wake mdogo, na kila upande wa shina la mkia ana mwiba mkali kama wembe. Jamaa zake wakubwa wa jenasi Naso, ambao baadhi yao huota pembe kwenye paji la uso, wavuvi wa Pwani huwaita puju. Wote huliwa. Mvuvi wa Shimoni humkaanga kangaja. Mkazi wa Membley, Ruiru, humnunulia hita.

Bahari ya Kenya ina kangaja wanaotamaniwa na wafugaji wa dunia nzima, na biashara ya kuwavua wakiwa hai kwa ajili ya matangi ya Ulaya na Marekani imekuwapo Pwani kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, anayetaka kumfuga samaki huyo Thika au Ruiru anaishi umbali wa kilomita 500 hivi kutoka Mombasa, na mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Umbali huo na mwinuko huo ndivyo vinavyoamua ni kangaja gani anayefaa, kabla hata rangi haijaingia kwenye mazungumzo. Wanunuzi wengi huanza na rangi, na samaki wengi hufa kwa sababu hiyo.

Maji, hewa na stima

Jambo linalosahaulika zaidi ni hewa. Kadiri mtu anavyopanda kutoka baharini, ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua, na maji nayo hushika oksijeni kidogo zaidi. Mombasa, maji ya chumvi ya nyuzi 26 yaliyoshiba hewa hubeba miligramu 6.6 hivi za oksijeni kwa kila lita. Thika, maji yaleyale kwa joto lilelile hayabebi zaidi ya miligramu 5.5 hivi. Samaki wanaotulia, kama wale wanaokaa ndani ya anemoni, hawaoni tofauti kubwa. Kangaja huiona. Mwambani huogelea mchana kutwa, mara nyingi mahali ambapo mawimbi yanapasuka na maji yamejaa mapovu, na mwili wake umezoea oksijeni nyingi. Ushauri wa vitabu vya wafugaji wa Florida au London, ambao wanaishi karibu na usawa wa bahari, haumtoshi mkazi wa Ngoingwa, Thika.

Dawa yake si ghali. Pampu za mzunguko zielekezwe juu ili uso wa maji utikisike usiku na mchana. Mashine ya kutoa povu, ambayo huvuta uchafu kwa kuchanganya maji na mapovu madogo ya hewa, iwe kubwa kuliko ile inayopendekezwa na mtengenezaji kwa ukubwa wa tangi. Joto lishikwe kwenye nyuzi 25 au 26, kwa kuwa maji yenye nyuzi 28 hupoteza oksijeni zaidi na wakati huohuo humfanya samaki aihitaji zaidi. Muhimu kupita yote, samaki wawe wachache. Tangi linalobeba kangaja watatu Mombasa linaweza kuelemewa na hao watatu Thika.

Stima ikipotea, oksijeni ndiyo ya kwanza kuisha. Joto la tangi la lita 400 hushuka taratibu na huchukua saa nyingi kufikia kiwango cha hatari, lakini maji yaliyosimama yenye kangaja wawili yanaweza kuwachosha kabla ya alfajiri. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, inayojiwasha umeme unapokatika, ina thamani kuliko taa yoyote ya kifahari. Mwenye inveta aiunganishe na pampu ya mzunguko pekee na kuiacha hita nje, kwa maana hita huimaliza betri upesi.

Hita yenyewe ni ya lazima. Usiku wa Julai, nje hushuka hadi nyuzi 12 au 13, na sebule isiyo na moto huweza kukaa kwenye nyuzi 17 au 18. Tangi la lita 400 lihudumiwe na hita mbili za wati 200 badala ya moja ya wati 400: moja ikifa, nyingine hushikilia, moja ikikwama ikiwa inawaka, haina nguvu ya kuwachemsha samaki kabla mtu hajagundua.

Maji ya mfereji yanayosambazwa na kampuni za maji za Thika na za Ruiru-Juja hutiwa klorini. Klorini huondoka kwa dawa au kwa kuachwa maji yakipulizwa hewa, lakini madini hayaondoki. Maji ya visima virefu, ambayo nyumba nyingi za kupanga hutegemea, hutoka kwenye miamba ya volkano na mara nyingi huwa na floridi nyingi na madini mengine. Maji hayo yasitumiwe kuchanganyia chumvi. Njia ya mkato inayopatikana kila mtaa ni vibanda vya kujaza maji yaliyochujwa kwa mashine za RO (reverse osmosis). Baadhi ya vibanda huuza maji safi kabisa. Vingine huyachanganya na maji ya kawaida ili yawe na ladha. Kipimo kidogo cha mkononi cha TDS, kinachoonyesha madini yaliyoyeyuka, humaliza ubishi papo hapo: kikisoma karibu na sifuri, maji yanafaa, kikisoma 60 au 80, mtungi urudishwe.

Chumvi ya mezani haifai, hata ikiwa imetoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni karibu na Malindi. Hiyo ni kloridi ya sodiamu iliyotengwa na madini mengine. Bahari ina magnesi, kalsiamu, potasiamu na vitu vinginevyo vingi, na chumvi maalumu ya matangi hutengenezwa ili kuvirudisha vyote. Tangi la lita 400 hutumia karibu kilo 15 za chumvi hiyo kwa mara ya kwanza, kisha kiasi kidogo kila maji yanapobadilishwa. Kusafirisha maji halisi ya bahari kwa lori kunawezekana, ila ni mzigo wa zaidi ya kilo 400 ukijumlisha mitungi, na maji yanayochotwa karibu na mji huja na uchafu wake.

Urefu wa tangi hutangulia ujazo. Kangaja ni mwogeleaji wa kwenda mbele, na tangi refu la lita 300 humfaa kuliko la mraba lenye lita hizohizo. Kipimo cha chini kwa kangaja mdogo kabisa ni sentimita 120 kwa 50 kwa 50. Anayetaka wakubwa hufikia sentimita 180 kwa 60 kwa 60, yaani lita 648, na hapo uzito wa maji, mawe, kioo na meza hupita kilo 800. Mzigo huo ni wa sakafu ya chini. Katika ghorofa ya tatu ya nyumba ya kupanga, haitoshi kumuuliza keyateka; mjenzi anayeifahamu michoro ndiye wa kuulizwa, na tangi liegemezwe kwenye ukuta ulio juu ya boriti.

Spishi moja baada ya nyingine

Anayefaa zaidi kwa tangi la kwanza la Thika au Ruiru ni Ctenochaetus truncatus, kangaja mwenye meno membamba mengi yaliyojipanga mfano wa brashi. Ni wa Bahari ya Hindi, na hadi 2001, wataalamu Randall na Clements walipompa jina lake, alikuwa akichanganywa na ndugu yake wa Hawaii. Akiwa mdogo huwa wa manjano. Akikua hugeuka kahawia mwenye vidoadoa vingi vilivyofifia na pete ya dhahabu kuzunguka jicho. Urefu wake wa mwisho ni sentimita 16 hivi, jambo linalomfanya awe mmoja wa kangaja wadogo kuliko wote. Hatafuni majani ya mwani. Huchota utando laini wa mwani na takataka ulioshika mawe na vioo. Ndiyo maana tangi lililokomaa, lenye miezi sita au zaidi, humlisha nusu kabla mwenyewe hajafungua kopo. Katika tangi jipya lenye mawe meupe hana cha kula, na hukonda huku akionekana ana kazi siku nzima.

Ndugu yake Ctenochaetus striatus ni wa kawaida sana miambani Kenya, lakini hufikia sentimita 26 na hupenda kuonea wengine. Ctenochaetus binotatus, mwenye doa jeusi mwishoni mwa pezi la mgongo na la chini, yuko katikati kwa ukubwa na kwa tabia. Wauzaji huwachanganya hawa watatu, pengine bila nia mbaya. Mnunuzi atazame jicho, madoa na mistari kabla ya kulipa.

Wa pili kwa kufaa ni Zebrasoma scopas, kangaja wa kahawia mwenye mdomo mrefu. Huyu hula mwani wenye nyuzi, ule unaowasumbua wafugaji wanaoanza, na mdomo wake hufika kwenye nyufa ambazo brashi haifiki. Ni mvumilivu, ni wa bei nafuu, na anapatikana kwenye miamba ya Afrika Mashariki. Anapitwa kwa sababu ya rangi yake, na hiyo ni dhuluma: chini ya taa nzuri mwili wake huonyesha mistari na nukta za kijani na samawati, na mwiba wake mweupe hujitokeza kwenye giza la mkia. Tangi la sentimita 120 humtosha kwa miaka ya mwanzo. La sentimita 150 ni bora.

Kangaja wa manjano, Zebrasoma flavescens, ni jamaa wa karibu sana wa huyo wa kahawia, kiasi kwamba wakikutana huweza kuzaa chotara. Makao yake makuu ni Hawaii. Baada ya uamuzi wa mahakama ya juu ya jimbo hilo mwaka 2017 kuhusu vibali vya uvuvi wa samaki wa mapambo, biashara ya kuwatoa huko ilibanwa na bei ikapanda duniani kote. Kwa bahati njema, taasisi ya Oceanic Institute ya Hawaii ilikuwa imefaulu mwaka 2015 kuwalea kutoka yai, kazi iliyokuwa imeshindikana kwa miaka mingi kwa sababu viluwiluwi vya kangaja ni vidogo mno na huelea baharini kwa wiki nyingi kabla ya kutua mwambani. Samaki aliyezaliwa tangini huja akiwa amezoea chakula cha punje na hana vimelea vya baharini. Anayemtaka wa manjano, na ana fedha, amtafute wa namna hiyo. Vinginevyo, kumleta samaki kutoka upande wa pili wa dunia huku ndugu yake akiogelea Kisite ni gharama isiyo na maana kubwa.

Zebrasoma desjardinii ndiye mwenye mapezi makubwa kama tanga. Akiuzwa na sentimita 5, mistari yake ya manjano na nyeusi humshinda kila samaki dukani kwa uzuri. Porini hufikia sentimita 40. Tabia yake si mbaya na mwili wake ni mgumu kwa magonjwa kuliko wa wengi, kwa hiyo mwenye tangi la sentimita 180 amfikirie kwanza. Mwenye la 120 asijidanganye kwamba atamnunulia nyumba kubwa baadaye. Ahadi hiyo hutolewa mara nyingi na hutimizwa kwa nadra.

Wa samawati na mkia wa manjano, Paracanthurus hepatus, alijulikana kwa watoto wote kupitia filamu ya Finding Nemo ya 2003, kisha Finding Dory ya 2016. Anaishi kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi katikati ya Pasifiki. Hufikia sentimita 30, huenda mbio kutoka pembe hadi pembe, na akishtuka hujisokomeza kati ya mawe na kulala ubavu, tabia ambayo imewafanya wenye matangi wengi wapya kuamini kwamba amekufa. Hushikwa kirahisi na ugonjwa wa madoa meupe na pia mmomonyoko wa ngozi ya kichwa na ubavu, unaohusishwa na lishe duni na vumbi la mkaa wa kuchujia. Watafiti wa Florida walimlea kutoka yai mwaka 2016. Tangi lake linaanzia sentimita 180, hata mtoto alie vipi.

Kisha kuna Acanthurus leucosternon: mwili wa samawati ya poda, uso mweusi, koo jeupe, pezi la mgongo la manjano. Hakuna kangaja wa Kenya anayepigwa picha kuliko huyu, na kwa mfugaji wa Pwani ambaye mwambao wote ni kama duka lake, kishawishi ni kikubwa. Kwa Thika ndiye chaguo baya kuliko mengi. Anataka oksijeni nyingi, anataka mkondo mkali, hushikwa na madoa meupe akibadilishiwa tu mahali, na akishatulia humshambulia kila anayeingia baada yake. Mwenye uzoefu wa miaka, tangi la sentimita 180 na karantini iliyokamilika anaweza kumfuga kwa mafanikio. Acanthurus lineatus, mwenye mistari ya samawati na machungwa, ni mkali zaidi, hufikia sentimita 38, na mwambani hulinda shamba lake la mwani dhidi ya kila mpita njia. Huyo abaki baharini.

Acanthurus triostegus, mweupe wa kijivu mwenye mistari michache myeusi ya wima, ndiye anayeonekana kwenye maji mafupi ya ufuo. Ni mpole na huenda kwa makundi. Shida yake ni njaa: hula mwani karibu kila saa, na mmoja aliyetengwa na wenzake hunyong'onyea. Puju, hata yule mrembo Naso elegans mwenye midomo ya machungwa, hufikia sentimita 45 na hana nafasi katika nyumba ya kawaida.

Waswahili wa Muscat na Dubai huwaona madukani kangaja wawili wa upande wao: Zebrasoma xanthurum wa zambarau mwenye mkia wa manjano, anayefugika ingawa ni mgomvi, na Acanthurus sohal, anayefikia sentimita 40 na anayetisha hata mkono wa mwenye tangi. Hawa hawapo Kenya, na huagizwa kwa bei yake.

Kumpata, kumkagua, kumleta

Uvuvi wa samaki wa mapambo Kenya uko chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, na huhitaji leseni. Wapiga mbizi huwavua kwa nyavu ndogo za mkono na nyavu za kizuizi, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, imeufuatilia uvuvi huo kwa karibu. Ndani ya hifadhi za taifa za bahari, yaani Kisite, Mombasa, Watamu na Malindi, hakuna samaki anayeruhusiwa kutolewa. Muuzaji halali anaweza kueleza samaki alivuliwa wapi na lini. Mgeni wa Diani anayejaza ndoo kwa mikono yake mwenyewe anavunja sheria, na samaki wake mara nyingi hafiki Voi akiwa hai.

Ukaguzi bora hufanywa wakati wa kulishwa. Kangaja ambaye hajala mbele ya mnunuzi hafai kununuliwa. Tumbo litazamwe kwa mbele na si kwa ubavu tu: likiwa limebonyea nyuma ya mapezi ya kifua, au mgongo ukiwa umechongoka juu ya macho, samaki ameshinda njaa muda mrefu na matumbo yake huenda hayatarudi katika hali yake. Kupumua kwa kasi akiwa ametulia, kujikwaruza kwenye mawe, macho yenye ukungu, vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi au vumbi la dhahabu kwenye ngozi ni sababu za kuondoka. Pezi lililochanika kidogo hupona. Ngozi iliyochunika hukaribisha maradhi. Samaki wa sentimita 7 hadi 10 ndiye anayezoea vyema. Wadogo zaidi hufa njaa haraka, na wakubwa waliokomaa porini hukataa chakula cha kopo.

Dukani na nyumbani, kangaja asinaswe kwa wavu ikiwezekana. Mwiba wake hunasa kwenye nyuzi, samaki hujeruhika akitolewa, na mkono wa anayemtoa pia. Bakuli la plastiki ni salama kwa wote wawili. Kwa safari hufungwa kwenye mifuko miwili au mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kwa kuwa mmoja hutobolewa.

Ndege kutoka Mombasa hufika uwanja wa JKIA, Nairobi, kwa muda wa saa moja hivi, na kutoka hapo barabara ya Eastern Bypass humfikisha mtu Kamakis, Ruiru, bila kupita katikati ya Nairobi. Treni ya SGR huchukua saa tano hadi sita. Basi la usiku huchukua muda mrefu zaidi lakini husafiri wakati wa baridi. Njia yoyote inakwenda mlimani. Hewa iliyofungiwa kwenye mfuko ukiwa Mombasa hutanuka kwa karibu sehemu moja ya tano ikifika Thika, na mfuko uliojazwa hadi ukakaza kama mpira hupasuka njiani. Muuzaji aagizwe kuacha nafasi. Samaki asilishwe siku moja au mbili kabla ya safari, na sanduku la povu lifungwe vizuri ili joto lisipotee kwenye baridi ya Machakos na Athi River.

Baada ya safari ndefu, ushauri wa kudondosha maji ya tangi kwenye mfuko kwa saa mbili una hatari yake. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi ya samaki huongeza asidi, na asidi hiyo huifanya amonia iliyokusanyika isiwe na sumu kali. Mfuko ukifunguliwa, hewa ya ukaa hutoka, asidi hupungua, na amonia ileile huanza kumuunguza. Ni heri maji ya karantini yatayarishwe mapema yakiwa na chumvi na joto linalolingana na la mfuko, kisha samaki ahamishwe ndani ya dakika chache, bila kumwaga maji ya safari tangini. Muuzaji aulizwe kiwango cha chumvi chake kwa simu siku moja kabla.

Karantini, chakula na majirani

Kangaja yeyote aliyetoka baharini apite karantini ya wiki nne hadi sita katika tangi la pembeni lenye mabomba ya plastiki ya kujifichia, lisilo na mawe wala mchanga. Adui mkuu ni Cryptocaryon irritans, kimelea cha madoa meupe. Kimelea hicho humwacha samaki, huanguka chini, hujifunga ndani ya ganda, kisha hupasua ganda na kutoa mamia ya wengine wanaotafuta ngozi mpya. Kikiwa juu ya samaki au ndani ya ganda, dawa haikifikii. Hukifikia tu kinapoelea. Ndiyo maana madoa yakipotea siku ya tatu mwenye samaki hushangilia, na siku ya kumi huyaona yamerudi maradufu. Dawa ya shaba hufanya kazi ikishikiliwa kwenye kiwango sahihi kwa wiki kadhaa na kupimwa mara kwa mara, kwani ikipungua haiui na ikizidi humuua kangaja. Haitiwi kamwe kwenye tangi kuu lenye kamba, konokono au matumbawe, maana hao wote hufa kwa shaba. Tangi kuu lililoambukizwa huachwa bila samaki yeyote kwa wiki sita hadi kumi na moja ili vimelea vikose wa kumng'ata.

Chakula cha msingi ni mwani. Karatasi za mwani za kufungia sushi, zisizotiwa mafuta wala viungo, hupatikana katika maduka makubwa ya Nairobi, na kipande kikibanwa kwenye kioo kila asubuhi humtosha kangaja mmoja mdogo. Mwani unaolimwa Kibuyuni, Kwale, ambao wakulima wake hulalamika kwamba samaki aina ya tasi huula shambani, unaweza kujaribiwa baada ya kulowekwa hadi chumvi na mchanga vitoke. Sukuma wiki na spinachi hujaza tumbo tu. Hazina mafuta wala virutubisho vya baharini, na kangaja wanaolishwa hizo pekee hupauka na kumomonyoka kichwani. Punje zenye spirulina na kamba wadogo waliogandishwa huongezwa kidogo, mara mbili au tatu kwa siku badala ya mlo mmoja mkubwa.

Kangaja aingizwe wa mwisho, baada ya samaki wapole kupata maskani yao. Hugombana zaidi na wanaofanana naye kwa umbo, kwa hiyo Ctenochaetus mmoja na Zebrasoma mmoja huweza kuishi pamoja katika tangi la sentimita 180, ilhali Zebrasoma wawili huumizana. Wakiwa wawili, waingizwe siku moja, au aliye mdogo atangulie. Mgeni akishambuliwa, kioo cha kujitazamia kikiegemezwa nje ya tangi kwa siku chache humshughulisha mkali na kivuli chake. Na kubadilisha mpangilio wa mawe usiku humfanya asahau mipaka aliyoilinda.

Kangaja wa porini wameonekana kuishi zaidi ya miaka 30. Anayezidi ukubwa wa tangi lake hurudishwa kwa muuzaji au hupewa mwenye tangi kubwa zaidi. Hapelekwi tena baharini, hata Mombasa alikovuliwa, kwa kuwa amekaa na vimelea na samaki wa sehemu nyingine; na katika maji baridi ya mto Chania hawezi kuishi hata kidogo.